Majina Niliyoyagawa Sokoni Gitega

Kosa ni langu. Nalisema kabla hamjaniuliza, maana mara ya kwanza niliulizwa nikakana, na kule kukana kunanichoma kuliko kosa lenyewe.

Jina langu siliandiki. Nimeshagawa majina ya kutosha! Na rafiki yangu nitamwita Dafroza, ambalo si jina lake. Nimechelewa kujifunza, lakini nimejifunza.

Mi ni bibi wa Giheta. Shule niliacha darasa la pili, na hizi herufi mnazoziona nilizipata ukubwani, kambini Tanzania, kwenye masomo ya watu wazima chini ya turubai. Lakini kichwa Mungu alinipa. Nakumbuka kila mtu! Zoni yetu nzima ya kambini, nyumba kwa nyumba, nani alizaa lini, mbuzi wa nani aliitwaje. Tuliporudi Burundi tukatawanyika, kila mmoja na kolina yake, kilima cha kwao, na watu wakawa wanakuja kwangu: "Bibi, yule fundi baiskeli alirudi wapi?" Nawajibu palepale. Ndiyo ilikuwa heshima yangu. Ng'ombe sina, mume sina. Nina majina.

Sasa sikilizeni nilivyoyagawa.

Siku hiyo nilikuwa nauza avokado soko la Gitega. Akaja mwanamke, umri kama wa binti yangu wa mwisho, kitambaa safi kichwani, mtoto mgongoni. Akasimama mbele yangu, akaweka mkono mdomoni kama aliyeona mfu amefufuka.

"Yoo! Bibi! Bibi wa kambini!"

"Nani wewe, mwanangu?"

"Hunikumbuki? Kweli, nilikuwa mdogo. Mimi mtoto wa..." Akakatisha. Machozi yakaanza. "Mama alishakufa, bibi. Hata jina lake nashindwa kulitaja."

Mnaona hapo? Sisi tuliorudi, mtu akikwambia "hunikumbuki" amekushika pabaya. Mtu mliyepanga naye ndoo kwenye bomba moja, utamsahau vipi? Ni aibu! Na mimi, mimi mwenyewe, niambiwe nimesahau?

"We si mtoto wa Sabina?" nikasema. "Sabina wa karibu na bomba?"

"Ego! Huyohuyo Sabina!"

"Basi wewe ni Evelina."

"Ndiye mimi, bibi! Ndiye mimi!"

Jina la mama nimempa mimi. Jina lake mwenyewe nimempa mimi. Yeye alileta machozi tu!

Nikamkumbatia. Akaninunulia chai na maandazi, akanisaidia hata kupanga avokado, yaliyoiva mbele, mabichi nyuma. Kisha akauliza polepole: "Na wale wengine, bibi, wote wazima?" Basi nikafunguka. Nilimsomea zoni nzima kama katekista anavyosoma majina ya watakaobatizwa. Huyu yuko Nyarusange, yule kapata mjukuu, yule alizikwa. Nikafika kwa Dafroza.

Kambini Dafroza alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Kijana wake alitoka kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya tumbaku, na malori ya kuturudisha yakaja kabla hajarejea. Dafroza alipandishwa lori analia. Toka siku hiyo hana habari zake. Anaishi Muyinga, na kila anayetoka upande wa Tanzania humsimamisha njiani: hujamwona?

Yote hayo nikayasema. Na la mwisho, Mungu wangu, nikasema jina ambalo Dafroza alimwita mwanawe alipokuwa mchanga. Tulilijua wawili tu, maana mimi ndiye niliyempokea mtoto yule alipozaliwa. Hapa sitaliandika. Yule mwanamke akalirudia taratibu, mara mbili, akasema, "Jina zuri hilo, bibi." Nikadhani limempendeza. Kumbe alikuwa analikariri!

Juma halikuisha, akabisha hodi kwa Dafroza. Alisema kijana yuko hai, yuko Tabora, alikuwa mgonjwa akapona, anataka kurudi nyumbani ila hana nauli wala karatasi za kuvukia mpaka. Na msimcheke Dafroza! Hakuwa mjinga. Alimuuliza: "Kama unamjua, nilikuwa nikimwitaje alipokuwa mtoto?"

Yule mwanamke akalisema.

Dafroza akauza ng'ombe wake. Mmoja tu, aliyepewa na kaka yake kumkaribisha nyumbani tuliporudi. Akamkabidhi yule mwanamke fedha zote. Kisha akavaa imvutano, nguo zake za sherehe, akaenda parikingi ya Muyinga, magari yanaposhusha abiria, kumngoja mwanawe. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Madereva wakaanza kumwita Bibi Harusi.

Siku ya nne akanipigia simu.

"Jina lile, ulimwambia mtu?"

Nilijua papo hapo. Nilimwona Evelina akilirudia mara mbili. Nikajibu, "Oya, hapana. Sijamwambia mtu."

Kwa nini? Kiburi! Niliogopa kuwa bibi mjinga wa sokoni. Kwa hiyo nikamwacha mwenzangu achanganyikiwe, maana kama mimi sikusema, basi jina lilitoka kwa mtoto mwenyewe, na kama lilitoka kwa mtoto, basi yuko hai na anakuja. Akarudi parikingi kungoja tena! Siku nyingine mbili, kwa uongo wangu.

Niliposikia hivyo chakula kikanishinda. Nikawaambia wanangu. Mkubwa akasema, "Mama, uzee huo. Kuanzia leo usiongee na watu usiowajua."

Uzee gani? Mzee anasahau, mimi nilikumbuka! Na kanisani wakanishauri vilevile, eti nifunge mdomo, nisalimie nipite. Sifungi! Tumekimbia, tumelala kwenye mahema, tumerudi, na kilichotuunganisha ni kujuana kwa majina. Sasa mwizi mmoja aje atufanye tupishane kama mawe? Oya kabisa.

Nikajaza kikapu maharage na viazi vitamu, nikapanda gari la Muyinga.

Dafroza alikuwa uani. Kikapu changu hakukipokea. Kwetu mwenye nyumba asipopokea kikapu cha mgeni, amemaliza maneno.

"Jina ulilitoa wewe," akasema.

"Nililitoa mimi."

"Na ukaniambia hukulitoa."

"Nilikudanganya."

"Siku mbili nimekaa pale nimevaa kama bibi harusi, madereva wananicheka, kwa sababu nilikuamini wewe. Si yule mwizi. Wewe!"

Nikasimama na kikapu changu kichwani, shingo inauma. Kisha akaingia ndani, nikajua ndiyo basi. Akatoka na jembe.

"Shamba langu halina tena ng'ombe wa kulitilia mbolea. Shika. Uchimbe shimo la taka, tutengeneze mboji."

Nikachimba. Na magoti haya! Siku mbili nzima, naye kanikalia pembeni: "Chini zaidi, hapo kuku ataruka. Ulimi wako unafanya kazi haraka kuliko mikono yako." Siku ya tatu asubuhi nilikuta kikapu kimeingizwa ndani, na maharage yangu yako jikoni yanachemka.

Siku ya kuondoka akanisindikiza hadi parikingi, palepale pake. Hatujakaa, akaja kijana wa kiume na koti, tabasamu hadi masikioni.

"Bibi zangu! Hamnikumbuki? Mi ni wa kambini kwenu!"

Dafroza akanibana mkono. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, majina yamejaa kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Nikayameza yote.

"Zoni gani?" nikasema.

"Ileile yenu, bibi!"

"Yoo! Basi na Yeremiya hajambo? Bado anachechemea?"

"Anachechemea kidogo, lakini mzima! Amesema nikikuona nikusalimie sana."

"Ewe!" nikapaza sauti hadi madereva wakageuka. "Yeremiya ni mbuzi! Tulimwita hivyo kwa kulialia kwake, na tulimla Krismasi! Umetoka kuongea na supu?"

Alipotea kati ya magari, koti linapepea. Madereva walicheka hadi wakashikilia milango. Dafroza naye alicheka. Kicheko chake nilikuwa sijakisikia toka kambini, na nilikikumbuka kama ninavyokumbuka kila kitu.

Kisha akauachia mkono wangu. Akasema, "Iko alama nyingine ya mwanangu. Akija, nitamuuliza hiyo."

"Usiniambie," nikasema.

"Sikuwa nakwambia," akajibu.

Hiyo ndiyo gharama yangu. Ng'ombe hajarudi, na iko kitu kimoja juu ya mtoto niliyempokea kwa mikono yangu ambacho mimi, mwenye kukumbuka yote, sitakijua. Sawa. Kinamlinda.

Nanyi mliorudi, na ninyi ambao hamkuwahi kuondoka, sikieni. Sisemi msisalimie watu! Salimieni, kumbatianeni. Lakini mtu akisimama mbele yako akasema "mimi mtoto wa..." halafu akanyamaza, nyamaza na wewe. Hata akilia. Usimmalizie. Mtoto wa kweli jina la mama yake analo, na hatakasirika ukilingoja. Na akikuletea habari za mpotevu wako, usitoe hata kuku kabla hujaisikia sauti ya mpotevu mwenyewe.

Mi bado niko soko la Gitega, mahali palepale, kwenye avokado. Nasalimia kila anayepita. Na wewe Evelina wa uongo, ukipita, karibu. Keti. Nitakuuliza jina la mama yako, na safari hii nitangoja.