Kichupa cha Binti wa Mpofi

Kifaa chenyewe kilikuwa kipande cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti, na ndani yake mifereji myembamba kuliko unywele. Watu wa mradi wa utafiti walikileta kwenye maabara yetu ya Nyabiondo pamoja na pipa la azoti, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Damu inaingia upande mmoja, dawa ya kuzuia barafu upande wa pili, kisha zinachanganyika polepole. Ukiimwagia seli dawa hiyo kwa pupa, inakufa. Ukiigandisha bila dawa, barafu inaipasua. Nilikipenda kifaa kile. Katika nchi hii ya kukimbia na magodoro kichwani, ni hapo tu nilipoona kitu kikishikwa taratibu.

Tulikuwa tukihifadhi seli nyeupe za watu waliopona homa mbaya, kila mtu na kichupa chake ndani ya pipa. Wenzangu waliziita askari wa mwili. Mimi jina hilo sikulitaka. Askari tunao wa kutosha.

Mmoja wa waliopona alikuwa mwanamke kijana kutoka Mpofi, upande wa Walikale. Homa ilimchukua dada yake, yeye ikamwacha. Alikuja na mama yake, akanyoosha mkono bila kukunja uso. Mama akataka kujua damu ya mwanawe inakwenda wapi. Nikamweleza kwamba tutaigandisha, lakini seli zitabaki hai, zimelala tu, mpaka siku zitakapoamshwa. Aliitikia kwa kichwa, akaridhika, wakaenda zao.

Miezi michache baadaye binti yule alipigwa risasi akitoka shambani. Ilitoka bunduki ya nani, hakuna aliyejua. Siku hizi hatuulizi sana.

Walimzika. Lakini kwao, matanga yakishaanza, mume hanyoi nywele wala jembe haliingii katika shamba la marehemu mpaka siku ya kuyaondoa, na wa kuitaja siku hiyo ni mama mzazi. Mama alikataa kuitaja. Mvua za kupanda maharagwe zikaja, shamba likajaa magugu, wajukuu wakawa wanakula kwa majirani. Mwishowe mkwe wake, mume wa marehemu, akampakia kwenye pikipiki, wakaja kwangu.

Mkwe alikuwa amekonda, nywele zimemsimama ovyo. Hakukaa hata kwenye benchi.

"Papa, umuambie huyu mama ya kwamba mutoto wake, bibi yangu, alikufa. Watoto iko na njaa."

Mama hakumtazama. "Wewe njo ulisema, wewe mwenyewe, damu yake iko muzima, inalala. Nitamaliza kilio ya mutu muzima namna gani?"

Nilimweleza kwamba seli si mtu. Nilieleza sana, mpaka nikajichosha. Alinisikiliza kwa adabu, kama mimi ninavyowasikiliza wahubiri wa sokoni, kisha akaomba amwone. Nikafungua pipa. Mvuke mweupe ukamwagika sakafuni, naye akachutama na kuusemesha kwa lugha ya kwao, sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Nilizamisha kijiti cha kupimia. Azoti ilikuwa imebaki kidogo sana chini ya pipa.

Azoti yetu ilitoka Goma kwa lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkatoliki asiyeanza safari bila rozari. Nilimpigia simu.

"Kaka, barabara iko fermé, hakuna gari inapita," alisema. "Unangoja tu."

Pipa halijui kungoja: azoti hugeuka mvuke kila siku, na ikiisha seli zinakufa. Mama na mkwe wake walifikia kwa jamaa yao hapo hapo Nyabiondo, na mimi kila asubuhi nilizamisha kijiti nikiwa na hofu ya kukitoa. Niliomba Mungu, mimi ambaye sala hunitoka kwa shida. Kisha asubuhi moja kijiti kikatoka kikavu. Vile vichupa vingine tulivipeleka kwenye tanuri la kuchomea taka za maabara. Cha binti wa Mpofi nilikitia katika mfuko wa shati, nikatembea nacho hadi walipofikia.

Mama alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Alifuta mikono kwenye kitenge, akakipokea, akakifumbata. Uso wake ukafunguka. Nilikuwa sijawahi kuuona vile.

"Iko na joto," alimwambia mkwe wake. "Wamemutosha mu baridi, ametoka. Sasa tunarudi naye nyumbani."

Mkwe alinitazama mimi. Nilitamani kugeuka niondoke, niwaachie joto lao. Lakini nilikumbuka shamba, na wale watoto wanaokula kwa watu.

"Mama," nikasema, "hiyo joto njo imemuua."

Hakulia. Alisimama, ngumi imefungwa, majani ya sombe yakimwagika miguuni. Kisha akamwambia mkwe wake aende akatafute wembe.