Mfuo kwenye Mwimo wa Mlango Wetu

Marehemu mume wangu, Eckehard Wiedenroth, hakuwa mlevi. Ninalisema hilo kwanza kwa sababu kwenye foleni ya duka la mkate nimewasikia majirani mkisema kwamba aliacha kutembeza wageni kwa ajili ya mvinyo, na kwamba siku ya mwisho aliwakimbia akiyumba. Mawe ya barabara zetu humyumbisha yeyote mwenye haraka. Nilikuwa dirishani, nikamwona.

Alifundisha Kilatini miaka thelathini na minne. Alipostaafu akachukua mwavuli mwekundu, akawa anaongoza wageni kila Jumamosi saa tano asubuhi, kutoka lango la kaskazini hadi uwanja wa soko, kwa miaka kumi na tisa. Hata mvua inyeshe, mwavuli haukufunguliwa. "Hii ni bendera," aliwaambia. "Anayeogopa maji amekosea mji." Nyumba za mbao alizijua kwa majina ya maseremala wake, na asilolijua alisema halijui. Wenzake walimtania: "Mwalimu, 'sijui' wageni wanayo kwao!"

Kituo cha mwisho kilikuwa mlango wetu. Nyumba ni ya upande wangu. Yeye aliingia kama mkwe. Kwenye mwimo wa kulia, usawa wa bega, kuna mfuo ulioinama kidogo, urefu wa kidole, uliozibwa kwa rangi ya kijani.

"Hapa," alisema Eckehard, "walinzi wa ukuta wa mji walinoa visu vyao kabla ya zamu."

Wageni walipapenda hapo. Walipapasa, wakapiga picha.

Jumamosi ile ya Septemba bibi mmoja mfupi mwenye fimbo hakupapasa.

"Mwalimu, umewahi kunoa kisu wewe?"

"Kila wiki, mama. Mke wangu hanipi nafasi ya kupumzika."

Watu wakacheka.

"Kwa ubao?"

Kicheko kikakatika.

"Kisu hunolewa kwa jiwe, baba. Hapo palipigiliwa kijaluba chenye maandiko, kama kwenye milango yote ya Wayahudi. Mama yangu alizaliwa humu ndani. Babu alikuwa akimnyanyua ili akiguse. Mlango wa kijani, aliniambia, mkabala na kisima."

Eckehard akainua macho kunitazama. Mimi nikavuta pazia.

Nikamsikia akisema, "Mabibi na mabwana, hapa nimekuwa nikiwadanganya watu." Akampa yule bibi mkono, akashika njia ya mtoni kwa haraka. Ndiko kuyumba kwenyewe mnakokusimulia.

Aliporudi, viatu vimeloa, aliniuliza jikoni, "Sieglinde, ulijua?"

"Habari ya visu alinipa baba."

"Sikuuliza baba alisema nini."

Nikafungua droo nikampa hati ya baba ya kununua nyumba, ya mwaka 1938, Wayahudi walipokuwa wakilazimishwa kuuza, yenye jina la muuzaji, jina ambalo halikusikika tena mjini mwetu tangu mwaka ule. Niliisoma nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikairudisha chini ya vitambaa vya meza. Kisha nikaolewa na mtu asiyeweza kusema uongo, nikamsikiliza kutoka dirishani, Jumamosi baada ya Jumamosi, akiusema wa kwetu kwa sauti kubwa. Akimaliza, nilimpakulia supu.

Jumatatu alirudisha beji yake. Waliomuuliza aliwajibu kwamba miguu imechoka. Mlipoanza kunong'ona habari za mvinyo nilimwambia azikanushe. "Nikizikanusha wataniuliza sababu," alisema, "na sababu haiko kwangu." Akanyamaza hivyo hadi tulipomzika, miezi kumi na minne baadaye. Nami nilikaa kimya pembeni ya jeneza lake kanisani, nimevaa lulu za mama, nikipokea pole zenu.

Basi jina la Wiedenroth ni safi. Lenye doa ni la baba yangu, na langu. Yule bibi nimemwandikia barua, na tuliyoandikiana ni yetu wawili. Rangi ya kijani nimeikwangua mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Anayetaka kuuona mfuo auone. Uko upande wa barabara. Kengele asipige. Sina la kuongeza.