Mkono Wangu na Mashine ya Kijiji

Nilivunjika mkono mbele ya kijiji kizima, na baadhi ya waliocheka walikuwa wanawake wenzangu. Sijasahau hata mmoja wao, ingawa wengi tulikuja kuwa marafiki.

Ilikuwa huku Kemambo, kwetu Wakurya, miaka ile tulipohamishwa kutoka kwenye miji yetu, yale maboma yaliyotawanyika, tukajenga kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Kijiji kikapewa mashine ya kusaga. Kabla ya hapo nilikuwa nimesaga ulezi na mtama kwenye jiwe tangu utoto, mpaka magoti yangu yakaota sugu kama ya ngamia. Mashine ilipofika tuliimba. Tukadhani jiwe limekufa.

Halikufa. Kijana aliyechaguliwa kuendesha mashine alikuwa na nguvu, lakini hakuwa na haraka na mtu. Siku za mnada hakuonekana. Siku nyingine alifika jua likiwa kichwani, anatukuta tumekaa chini na madebe yetu, anamwanza aliyemtania vizuri zaidi. Wiki moja nilikwenda siku tatu mfululizo, nikarudi siku zote tatu na ulezi wangu mzima mzima. Siku ya tatu nilipopiga magoti mbele ya jiwe nilihisi hasira iliyonitoa machozi.

Kwenye mkutano wa kijiji nikanyoosha mkono. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba nifundishwe kuendesha mashine."

Wazee walitazamana. Mwenyekiti alikuwa mtu wa utaratibu, akaniuliza kwa upole, "Mama, ile hendeli umewahi kuishika?"

"Sijawahi."

"Basi njoo uishike."

Nadhani alitaka jambo liishe palepale. Watu wote wakahamia kwenye kibanda. Injini ile iliwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma iliyochomekwa kwenye gurudumu zito. Niliikamata kwa nguvu zangu zote, vidole na dole gumba vikiizunguka kama ninavyokamata jembe. Nikazungusha mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu injini ikakohoa na hendeli ikarudi nyuma kama teke la punda. Nikasikia kitu kimelia ndani ya mkono wangu wa kulia.

Kicheko kilianza kwa mwendesha mashine kikasambaa. Mama mkwe wangu alisema kwa Kikurya, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba ng'ombe wa mahari walitolewa kwa ajili ya mtu wa kulima, si wa kupigana na vyuma. Mume wangu hakucheka. Alitazama chini, kisha akanishika begani tukaenda zahanati.

Nesi, mgeni kutoka mikoa ya kusini, alinifunga mkono kwa vibao na bendeji. Akaniambia nisilime, nisichote maji, nisisage. Mimi ambaye sijawahi kukaa bure tangu nijue kutembea, nikapewa majuma mengi ya kukaa.

Siku za mwanzo niliwachukia watu wote, kila mmoja kwa zamu yake. Kisha chuki ikanichosha, nikabaki na mimi mwenyewe. Nikajiuliza kwa nini nilishindwa. Jibu la haraka lilikuwa lile lililosemwa na kijiji: mikono ya mwanamke. Lakini mikono hii hii ilikuwa imebeba kuni, ndoo na watoto, na hakuna aliyewahi kuiita dhaifu. Nikarudia tukio lile kichwani, hatua kwa hatua, bila kujionea huruma. Nikakumbuka nilipokuwa nazungusha hendeli nilikuwa nawatazama watu. Nilitaka nione sura zao zikibadilika. Injini yenyewe sikuitazama hata kidogo. Sikujua inafanya nini ndani, wala kwa nini inapiga teke. Nilikwenda kushindana na kijiji badala ya kwenda kujifunza kazi. Ukweli huo uliniuma kuliko mfupa.

Nilikuwa na daftari la kisomo cha watu wazima, kwa kuwa alasiri tulisoma kwenye stoo ya kijiji na mwalimu alikuwa ametufikisha kwenye kuandika sentensi. Kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa zimelala kama mtama uliopigwa na mvua, niliandika: *Kabla ya mavuno ya ulezi nitawasha mashine.* Chini yake nikaandika mambo ya kufanya kwanza. Kuuliza. Kupona. Kuzoeza mikono. Nikaliweka daftari chini ya kitanda, kila asubuhi ninalisoma kabla ya kutoka nje.

Nilijiwekea pia sheria moja ya mdomo. Nilijikataza kusema nimeshindwa. Wanawake waliotoka kisimani waliponiuliza, "Mama, mashine imekushinda?" nilijibu, "Bado."

"Bado nini?"

"Bado sijaiwasha."

Wakawa wananiita Bado. Nikaitika.

Mume wangu aliniambia jioni moja tukila, "Watu wanasema nimeshindwa kukutawala."

"Na wewe unasemaje?"

Akatafuna taratibu. "Mimi nasema mkono wako bado haujapona. Subiri upone."

Hakusema niache. Niliyashika maneno yale kama ruhusa, hata kama hakukusudia.

Fundi wa wilaya alipokuja kukagua mashine nilikuwa nimefunguliwa vibao. Alikuwa Mpare, mtu mzima mwenye mafuta kwenye kila kucha. Nikamwamkia, nikamwambia kilichonipata. Hakushangaa. Aliomba nimwonyeshe nilivyoishika hendeli, nikamwonyesha.

"Mama, hapo ndipo ulipoumizwa," akasema. "Dole gumba lisizunguke. Liweke upande mmoja na vidole. Hendeli ikirudi, inateleza tu, haikuvunji. Na nguvu si jambo la kwanza. Unaona kichuma hiki hapa juu? Ukikiinua, hewa inatoka, gurudumu linakuwa jepesi. Zungusha mpaka lishike kasi, halafu kiangushe. Gurudumu lenyewe ndilo litakalofanya kazi."

"Kwa nini sikuambiwa?"

Alimtazama mwendesha mashine aliyekuwa anajifanya anafunga mkanda wa mashine. "Labda na yeye hakuambiwa. Anatumia nguvu za ujana tu."

Basi nikamfuata yule kijana kesho yake, nikameza mate ya kiburi. Nikamwambia nitafagia kibanda kila asubuhi na kupangusa unga kwenye mashine, naye aniruhusu nizungushe gurudumu kichuma kikiwa juu, bila kuwasha. "Mura, kijana wangu, huna cha kupoteza," nikamwambia. Akacheka, akakubali. Alifikiri amepata mtumishi.

Mwanzo niliweza kuzungusha mara nne tu. Niliandika kwenye daftari: nne. Baada ya siku kadhaa, saba. Kuna asubuhi niliyorudi nyuma nikapata tano, nikaandika tano vilevile, sikujidanganya. Mvua zikaja, ulezi ukatoa masuke. Nikafika thelathini. Nikajua sauti ya gurudumu linapokuwa tayari. Lilikuwa linavuma chini chini.

Kwenye mkutano uliofuata nikanyoosha mkono tena. Watu wakaanza kucheka kabla sijasema.

Mwenyekiti akauliza, "Mama, ni lile lile?"

"Ni lile lile, Ndugu Mwenyekiti. Tena nataka iwe leo, mbele yenu wote, maana mbele yenu ndipo nilipoumia."

Tukahamia kibandani. Safari hii sikumtazama mtu. Niliinua kichuma, nikaweka dole gumba upande mmoja na vidole, nikazungusha. Nikaangusha kichuma mapema mno. Injini ikakohoa, hendeli ikateleza kiganjani, gurudumu likasimama. Nyuma yangu mtu akasema, "Haya, tumeona."

"Bado," nikasema, bila kugeuka.

Nikaanza upya. Nilisubiri mvumo. Nilipousikia niliongeza mizunguko mitatu, nikaangusha kichuma. Injini ikapiga, ikapiga tena, moshi mweusi ukapanda, na kibanda chote kikatetemeka. Hapakusikika kicheko kwa sababu hapakusikika chochote kingine. Nilivisha mkanda kwenye gurudumu kama nilivyomwona yule kijana akifanya, nikamwaga debe la mama aliyekuwa karibu. Unga ukatoka.

Halmashauri ya kijiji ilikaa, ikaamua niwe msaidizi wa mwendesha mashine. Nilikataa. Niliwaambia msaidizi ni mtu wa kufagia, na kufagia nimeshafagia vya kutosha. "Nipeni siku zangu." Walibishana sana. Mwisho wakanipa Jumanne na Ijumaa. Siku hizo nilifungua kabla umande haujakauka, na aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kusaga, awe mke wa mwenyekiti au mjane. Haukupita muda mrefu, madebe ya siku zangu yakafika hadi barabarani. Yule kijana naye akaanza kuwahi kwenye siku zake. Nilimwonyesha ile habari ya dole gumba. Alinishukuru akitazama pembeni.

Niliendesha mashine ile kwa miaka mingi, mpaka dizeli ilipoadimika nchi nzima na injini ikanyamaza. Mkono wangu hadi leo hunyooka kwa shida wakati wa baridi. Sijutii. Ninachojutia ni majuma ya mwanzo niliyopoteza nikiwatafuta wa kuwalaumu, wakati jambo la kunifaa lilikuwa kukaa na kosa langu na kulitazama usoni.

Mama mkwe wangu alisaga siku za yule kijana tu, mwaka mzima, makusudi. Kisha Ijumaa moja akatokea na kikapu chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika kwa shingo. Nikamsagia. Akachota unga kwa vidole, akausugua, akasema, "Mnene huu, una chenga."

Nikaurudisha mashineni nikausaga tena. Akachota tena, akasugua, akakung'uta vidole.

"Nirudie mara ya tatu, mama?" nikamuuliza. "Injini haijachoka, wala mimi."

Akajitwika kikapu chake. "Inatosha," akasema, akaondoka.