Herufi Nene Msalabani

Maduka yalipoanza kufunguliwa kila kona ya Moshi, nilikuwa naandika mabango mtaani Njoro. Wote walitaka herufi nene zisizo na madoido, zisomeke kutoka barabarani. Nilizichoka mpaka bega likauma.

Siku moja mama mzee aliteremka kutoka Kilema, huko mlimani, na msalaba wa mbao wa kaburi la mumewe.

"Shikamoo, mama. Nikuandikie kwa herufi za mapambo?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu, niandikie zile za madukani. Nyingine macho yangu hayazioni."

Jina la mumewe lilikuwa refu na ubao mwembamba. Nilifuta mara mbili, nikaanza upya. Rangi ilipokauka, aliinama akalisoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho, akalia.

Kesho yake nikarudi kuandika mabango ya maduka ya saruji, kwa herufi zilezile nene.