Pweza Aliyekuwa Bado Mdogo

Mama yangu alikuja kukaa kwetu Azaiba, hapa Maskati, kwa masharti. Baba alikuwa ameshafariki, na nyumba yao ya Ruwi ilibaki na yeye peke yake, redio yake, na ngazi zilizokuwa zikimuumiza magoti. Nilimbembeleza mpaka sauti ikanikauka. Mwishowe akakubali kuja "kutembea". Sanduku lake la nguo alilisimamisha nyuma ya mlango wa chumba tulichompa, akawa anatoa nguo ya kuvaa na kurudisha iliyofuliwa mle mle, wakati kabati tulilomnunulia liko tupu. Chumba chenyewe alikiita chumba cha wageni. Mimi nina hasira za karibu, na kila nilipoliona sanduku lile nilitamani kulipiga teke.

"Nnataka pweza wa nazi mmoja tu, wa haja," alituambia. "Nshamla, mnanirejesha kwangu."

Hilo ndilo lililotupeleka Yiti, kijiji cha wavuvi, Ijumaa moja. Ilikuwa miaka ya tisini, barabara ya huko ingali ya kokoto, na gari lilifika limekuwa jeupe kwa vumbi. Aliyeendesha ni mume wangu. Wazee wake waliishi Bujumbura kabla ya kurudi Oman, na mama hakuchoka kumtania kwamba mtu wa ziwani atajuaje vya baharini. Tulimkuta mvuvi mmoja ana pweza aliyenasa mtegoni asubuhi ile, mzima kabisa. Mume wangu akaomba apewe vivyo hivyo, akamtia kwenye boksi la plastiki lililojaa maji ya bahari, tukarudi naye akigongagonga kifuniko njia nzima.

Nyumbani mama alikaa kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyokuja nayo kutoka Ruwi kwa kazi hiyo hiyo, akakuna nazi, akakamua tui. Kisha akatia mkono kwenye boksi kumtoa pweza. Pweza akapeleka mnyiri mmoja, akauzungushia kwenye bangili yake ya dhahabu, akatulia hapo. Hakuvuta. Ngozi yake ilibadilika kutoka kijivu ikawa nyekundu ya matofali, na jicho lake lilikuwa wazi, linamtazama. Mama naye akamtazama kwa muda mrefu zaidi ya inavyohitajika kutazama kitoweo.

"Huyu mdogo," akasema. "Hana hata nyama ya kujaza kisahani. Mwacheni akue."

Pweza hakuwa mdogo, na tui lilikuwa tayari bakulini. Lakini nilipiga hesabu haraka: pweza asipoliwa, mama haondoki. Tui lile tulilipikia maharage.

Tangi la kioo lilikuwepo sebuleni. Lilikuwa maradhi ya mume wangu, ambaye samaki wake wote walikuwa wamekufa kwa zamu, na yeye hakukata tamaa. Pwani kwetu ilikuwa karibu, kwa hiyo alikuwa akichota maji ya bahari kwa madumu na kuyabadilisha kila mara. Tulimwekea pweza mawe na chungu kilichovunjika mdomo, naye akajiingiza chunguni kama mpangaji aliyelipia. Mara ya kwanza tulipotoka kwenda sokoni alifungua kifuniko. Tulimkuta juu ya zulia, anaelekea jikoni, na mimi nikapiga ukelele uliowatoa majirani. Baada ya siku hiyo mama aliweka mbuzi yake ya nazi juu ya kifuniko kiwe kizito. Ikakaa hapo moja kwa moja.

Hatukumpa jina. Mama alisema chakula hakipewi jina. Akamwita "huyu bwana". Asubuhi huyu bwana anataka kamba, jioni anataka kaa, na kaa mwenyewe awe hai, maana aliyekufa alimtupa pembeni. Mama, ambaye nilikuwa nikimsihi amalize nusu mkate, sasa alikuwa anamwamsha mume wangu kwenda soko la samaki na yeye. Wakirudi wanagombana kwa furaha kuhusu ukubwa wa kaa. Alijifunza kumtikisia kaa upande wa kushoto wa tangi ili pweza atoke chunguni aje kumpokea mkononi. Kila baada ya siku chache mume wangu, kwa uchokozi, alimuuliza, "Mama, tumpike sasa?" Mama hujifanya anampima kwa macho. "Bado," husema. "Bado mdogo."

Mimi nilikuwa nasikiliza hayo nikipika, na moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko ulivyokuwa tangu baba alipoondoka.

Habari za pweza zilienea mtaani, na wageni wakaanza kuja alasiri. Kwetu mgeni haondoki bila kufukizwa. Ukishakunywa kahawa na kula halua, huletwa chetezo chenye makaa na udi, ukajipitishia moshi kwenye nguo na mtandio, ndipo uage. Mama alipenda sana kazi hiyo. Wageni wakishajifukiza, yeye hukiweka chetezo sakafuni, chini ya tangi, pembeni mwa pazia, ili moshi uliobaki upande na sebule yote inukie.

Siku moja alikuja jirani yetu, mwanamke mwema lakini mwenye mdomo. Akabandika uso kwenye kioo, akasema pweza yule ni mzuri ajabu, hajapata kuona mnyama mwenye akili hivi, na asingekuwa wetu angemchukua. Mashaallah hakuisema. Mama aliitia yeye, kwa sauti, mara mbili, lakini kumbe tayari. Jioni ile pweza alikuwa mweupe kama karatasi, minyiri imelegea, hataki kaa.

"Katiwa jicho," mama akasema.

Kwa jicho dawa yake inajulikana. Mama akaacha udi, akatoa ubani wake mzuri wa Dhofar, akatia makaa, akamzungushia chetezo huku akimsomea, kisha akakiweka pale pale chini ya tangi ili ubani ufanye kazi. Kesho yake pweza alikuwa hoi zaidi. Mama akaongeza ubani. Siku ya tatu hakutoka chunguni kabisa, na mama hakula chakula cha mchana. Nilipompelekea chai nilimkuta ananyoosha nguo na kuzipanga sandukuni moja moja.

"Bwana huyu akifa," akasema bila kugeuka, "mimi nnakwenda zangu. Nnakaa hapa kumngoja nani?"

Nikataka kulipuka. Nilitaka kumwambia kwamba niko mimi hapa, mwanawe, wa kumzaa. Nilitoka badala yake nikaenda sebuleni nikae nilie kidogo. Chetezo kilikuwa kinafuka chini ya tangi. Nikawa natazama tu mapovu yanayopanda kutoka kwenye mpira wa kupitishia hewa majini, na ndipo nikaona kwamba kila povu likifika juu na kupasuka, linatoa kitu cheupe. Nikasogea. Kilikuwa moshi. Nikafunua kifuniko, nikanusa, na maji ya bahari yalikuwa yananukia ubani.

Mashine ndogo ya hewa ya tangi ilikuwa sakafuni nyuma ya pazia, na mdomo wake uko karibu na chetezo. Ilikuwa inavuta ubani wote na kumpelekea pweza ndani. Tulikuwa tunamtibu jicho kwa moshi ule ule uliomtia ugonjwa.

"Mama!" nikaita kwa sauti ya kuita zimamoto. "Njoo! Mapovu yanatoa moshi!"

Akaja na shumizi mkononi. Akatazama povu likipasuka, akatazama chetezo, akatazama mashine. Mimi ninaweza kugombana na mtu yeyote, lakini uso wake wakati ule haukuwa uso wa kugombana nao.

"Mie ndo nnayemuua," akasema polepole.

Tukachomoa waya. Mume wangu hakuvua hata dishdasha, kanzu aliyotoka nayo kazini. Akapakia madumu, na mama akaingia garini naye na birika la chai la kuchotea maji, akasema hawezi kukaa bure. Walichota mpaka Magharibi ikaingia. Nguo za mume wangu zililowa hadi kifuani, na mama alimimina birika lake la mwisho taratibu, pembeni, asimshtue. Mashine tukaipeleka nje, barazani, tukapitisha mpira wake dirishani.

Asubuhi pweza alikuwa na rangi ya matofali. Alitoka upande wa kushoto, akapokea kaa, na akaishika bangili. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaokota chetezo, akaniambia, "Chukua hiki. Kikae chumbani kwangu. Huku wageni watanukia kahawa, inatosha."

Nilikipeleka. Nikakitafutia mahali, na kabla sijatoka nikalifungua lile sanduku, nikapanga nguo zake kabatini. Kesho yake alitoa nguo ya kuvaa kabatini.

Pweza haishi sana. Sisi hatukujua hilo. Tulidhani ni ubani tena, mpaka mume wangu akauliza watu wa bahari, wakamwambia umri wake ndio huo. Alizima kidogo kidogo, baada ya msimu wa joto, na mama akawa anamkalia karibu. Mume wangu, safari hii bila uchokozi, alimuuliza afanye naye nini. Mama akamjibu kwamba hakuna mtu anayempika mtu wa nyumbani. Tulimrudisha baharini, pale pale tulipokuwa tunachota maji.

Ijumaa iliyofuata mama alitaka kwenda Yiti. Sikulala vizuri. Niliendesha mimi, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kumbembeleza upya. Mvuvi yule yule akatutolea pweza, na wallahi sijapata kuona mkubwa kama yule: minyiri ilimfika mvuvi magotini, na kila mmoja mnene kuliko kifundo changu cha mkono. Mama akainama. Akaufinya mnyiri mmoja, akaupima, akaniangalia mimi usoni.

"Bado mdogo," akamwambia mvuvi. Kisha akanishika mkono kwa sababu ya kokoto. "Twende zetu nyumbani, mwanangu, nguo zangu nimeziacha kambani."