Mpira Niliyookoa Karibu na Bendera

Siku yangu ya kwanza kubeba mabegi ya gofu huku Kitengela, Mutua, kedi wa zamani, alinifundisha. Ukipunguza pigo moja kwa hesabu iliyowekwa ni birdie, yaani kandege, mbili ni eagle, yaani tai. Ndege zote ziko, isipokuwa kuku. Shimo ni ya kazi gani, sikuuliza.

Akanisimamisha kando ya bendera iliyochomekwa kwa shimo. "Chunga mpira ya daktari, yule anacheza leo. Ikipotea, umefutwa."

Mimi mtu wa ng'ombe, kuchunga naweza. Daktari akapiga pigo lake la kwanza kutoka mbali kabisa. Mpira ikapanda mpaka mawingu, nikabaki mdomo wazi. Ikashuka pole kwa nyasi, ikabingirika ikielekea shimo. Nikaruka, nikaidaka kama ndama.

Daktari akafika akihema. "Imeingia?"

"Ilibaki kidogo, mzee, lakini nimeiokoa."

Akakaa chini. "Miaka ishirini nimengoja iingie na pigo moja."