Uyoga wa Shangazi Sabuni Ulivyokosa Pumzi

Shangazi yangu alifanya usafi wa chumba cha upasuaji mpaka akastaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu. Ukimtembelea, viatu vinabaki nje, mikono inasuguliwa hadi viwikoni, na ukikohoa anakutazama kama umemtukania wazazi. Mtaani wanamwita Shangazi Sabuni. Anajua, na jina analipenda.

Aliposema anataka kulima uyoga, hakuna aliyeshangaa. Ni zao la watu wasafi. Unaloweka mabua kwenye maji ya chokaa kuua vimelea, unayachuja, unayashindilia kwenye mifuko pamoja na mbegu, kisha unaitundika mifuko penye kivuli na unyevu. Ukizembea kidogo, ukungu wa kijani unakula kila kitu kabla yako. Mahali alikuwa napo: chumba cha nyuma cha nyumba ya marehemu babu, mali yake na ya baba yangu kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba baba, ambaye ni seremala, alikitaka chumba hichohicho apangishe. Mtu alishampata, mwalimu mmoja mpole mwenye masanduku mengi ya vitabu.

"Dada," baba alimwambia, "uyoga ukitoka nitakuja kuuona kwa macho yangu. Ukiwa wa kueleweka, chumba chako, sisemi tena. Ukiwa kichekesho, mwalimu anahamia."

"Njoo na kapu," Shangazi akajibu. "Na uje umenawa."

Akaingia kazini. Madirisha aliyafunika kwa nailoni na kuzungushia utepe wa gundi. Chini ya mlango akasukumia taulo. Tundu la ufunguo akaliziba kwa pamba, pamba ya hospitali, siyo ya mto. Hata inzi mwenye vyeti asingepita. Mabua yakashika utando mweupe mzuri kama shuka jipya, na Shangazi akaanza kutembea mtaani kifua mbele.

Kisha uyoga ukatoka, akaniita. Mifuko ya juu ilikuwa imeota vitu virefu, vyembamba, vyenye vikofia vidogo kama vifungo vya shati.

"Hii nini?" akaniuliza.

"Twiga, Shangazi. Hongera."

"Nimekuita uangalie, sijakuita unichekeshe. Baba yako anakuja wiki ijayo. Nilikosea wapi? Hakuna hata doa la ukungu humu!"

Kweli halikuwepo. Ila nilipokaa mle ndani kidogo, kichwa kikawa kizito kama niko kwenye kikao cha ukoo. Hapo ndipo diploma yangu ya maabara, ambayo mimi nayo tuliachana katikati bila ugomvi, ikanikumbuka.

"Shangazi, huu uyoga haujipikii chakula kwa jua kama mchicha. Unakula mabua. Unayatemea vimeng'enya, yanalainika, unafyonza sukari yake. Halafu sukari ile unaichoma ndani ya mwili kwa oksijeni, taratibu, bila moto, upate nguvu ya kukua. Kinachobaki ni maji na kabonidayoksaidi. Sawasawa na wewe na chai yako."

"Mimi sina mwili wa uyoga."

"Una chembehai zinazopumua, nao unazo. Umefungia umati wa watu kwenye kabati. Uyoga umerefusha shingo kutafuta hewa."

"Maneno hayo. Nionyeshe."

Chokaa ilikuwepo. Nikakoroga kidogo kwenye maji, nikaacha ituame, nikamimina yale maji angavu ya juu kwenye glasi mbili. Moja tukaiweka uani, nyingine tukaifungia ndani na uyoga. Tulikunywa chai kwanza. Tuliporudi, glasi ya uani ilikuwa bado angavu, imeshika kautando kepesi tu juu. Ya ndani ilikuwa imegeuka nyeupe kama imetiwa maziwa.

"Hiyo ni pumzi yao," nikasema. "Imekutana na chokaa ikawa unga."

Shangazi aliinusa glasi, kama kawaida yake. "Lakini chumba cha upasuaji tulikifunga hivihivi, na wagonjwa walipumua."

"Ukutani juu hapakuwa na kitu chenye wavu?"

Akainua macho kama analitafuta. "Lile sanduku linalovuma?"

"Lilikuwa linaingiza hewa safi iliyochujwa."

"Mimi nikilifuta vumbi kila asubuhi!" Akaketi juu ya ndoo. "Nilidhani ni la kupoza madaktari, maana wana hasira."

Hakukaa sana. Alinyanyuka, akashika ncha ya ile nailoni, akaivuta yote kwa mpigo mmoja kama anayebandua plasta. Palipokuwa na nailoni akabana kitambaa cha barakoa, alichokichemsha kwanza, bila shaka. Asubuhi na jioni akawa anafungua mlango na kupepea kwa trei. Mifuko ya chini, ambayo uyoga wake ulikuwa ndiyo kwanza unachungulia, ikaitikia: kofia zikafunguka, pana, nene, zikibebana kama masikio.

Baba alikuja na kapu. Nilimshauri Shangazi ang'oe twiga kwanza. Akanitazama hadi nikatafuta kazi ya kufanya.

"Huu wa juu niliukosesha hewa," alimwambia baba, wazi, bila kupepesa. "Huu wa chini nimeupa. Angalia mwenyewe ni upi nitaendelea nao."

Baba aliinama. Akabonyeza kofia moja kwa kidole cha seremala, ikajaa kiganja chake. Akanyoosha mgongo, akasikiliza chumba kama anayesikiliza ubao kabla ya kuukata.

"Sasa mwalimu nitamwambia nini?"

"Mwambie pamejaa, na waliomo wanapumua sana."

Baba akacheka, kisha akagonga ukuta chini, karibu na sakafu. "Hicho kitambaa cha dirishani hakitoshi. Hewa yao nzito inatuama huku chini. Ukuta huu unataka matundu, na niyawekee wavu." Akanigeukia. "Wewe msomi nusu, nenda nyumbani kaniletee keekee ya kutobolea."

"Nusu iliyobaki nitakudai," nikasema, nikatoka.

Nyuma yangu sauti ya Shangazi ikapanda: "Tundu utatoboa, sikatai! Lakini kwanza vua hivyo viatu!"